Asilimia tano getini

Sheria ya Kenya ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2025 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awatengee watu hao asilimia 5 ya nafasi, yaani mmoja kati ya ishirini. Si wimbo mgeni. Ile ya 2003 nayo iliitaja asilimia hiyo, hata kwa vibarua. Sasa njoo Thika, mji wenye shule ya wasioona na Joytown ya wenye ulemavu wa viungo. Alfajiri, geti la kiwanda: msimamizi ananyoosha kidole, wewe, wewe, na wewe. Wenye misuli wako mbele. Kijana wa magongo, cheti kwenye bahasha, anaona migongo tu. Mkaguzi wa kazi aanzie hapo, saa kumi na mbili, si ofisini saa nne.