Mtamba Asiuzwe Bila Mama Kuulizwa



Leo tunasema juu ya ng'ombe wetu wa asili, hawa wadogo wenye nundu. Maziwa yao kidogo, ni kweli, lakini jua na kupe wanavumilia kuliko wa kizungu. Samadi yao tunaibeba kichwani hadi kwenye migomba.

Shida huja Januari: sare, madaftari, na mtamba anauzwa. Akiondoka, ndama wake wote wameondoka naye! Tuuze dume, pengo lililobaki tukope kwenye mfuko wetu, ndiyo kazi yake.

Kwetu Waluguru ardhi ya ukoo hupitia kwa mama. Basi na mtamba naye asitoke zizini mama hajaulizwa.