Ngoma na Mguu Uliopooza
(Maneno ya walimu katika Siku ya Watu Wenye Ulemavu Duniani, 3 Desemba)



Sisi walimu tumepewa dakika chache, basi tutasema jambo moja. Kambini humu wako wazee waliopatwa na kiharusi, na watoto wenye mtindio wa ubongo, wanaoshinda ndani. Jamaa husema: amepooza, mwacheni apumzike. Hatukubaliani nao. Ubongo hujifunza upya kuongoza mguu kwa kurudia-rudia, na habari zake huzipata kwa ngozi, macho na masikio. Anayelala akitazama turubai mchana kutwa, ubongo wake utajifunza nini?

Tuchukue sikio. Mwaka 1997 Michael Thaut na wenzake huko Marekani walichapisha habari za wagonjwa wa kiharusi waliofanya mazoezi ya kutembea kwa kufuata mdundo. Walipata mwendo mzuri zaidi na hatua ndefu zaidi kuliko wenzao waliofanya mazoezi bila mdundo.

Na mdundo, ndugu zetu, nani atatufundisha sisi? Dumu tupu linatosha. Kwanza hesabu hatua za mgonjwa mwenyewe kwa dakika moja. Zikiwa 40, piga mapigo 40, kila pigo hatua moja. Akizoea, ongeza mawili tu. Vijana wetu wana haraka; ukiwapa dumu watapiga ngoma ya arusi, mzee aanguke. Mtu mmoja asimame upande wake dhaifu.

Mkono nao upewe kazi: afumbe macho, aguse maharagwe, mchanga, kitambaa, ataje ni nini. Lakini mkono wenye ganzi hausikii moto, kwa hiyo maji ya kuoga yapimwe kwa mkono mzima. Tena msimwinue mtu kwa kumvuta mkono uliopooza, mtamuumiza bega.

Haya yote yaanze baada ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo kumwona mgonjwa. Na hapa tuna ombi kwa wageni wetu. Asiyeweza kutembea huambiwa aende kliniki, naye atakwenda kwa miguu ipi? Mtaalamu azungukie vijiji vya kambi, hata mara moja kwa mwezi.

Kamati tunaiomba darasa moja kila Jumamosi asubuhi. Dumu tunalo.