Kijana, Unakwenda Ziwani na Simu?

Mazungumzo na vijana wa mialo ya Ziwa Victoria

Leo sitawaambia habari za malaria wala kichocho. Hayo mmeshayasikia mpaka mmechoka, na siku nyingine tutayarudia tu, mtake msitake. Leo tuzungumze juu ya hicho kidude kilichomo mfukoni mwako. Simu. Tena nasema simu ya kupigia, siyo wale samaki wadogo wa pwani, ndugu zake dagaa, wanaoitwa simu.

Wewe unayevua dagaa usiku, au unayekwenda na baba yako kutega makila ya sangara, bila shaka umeshasikia maneno ya pande mbili. Mama anasema, "Mwanangu, chukua simu, nijue uko salama." Mzee mwenye mtumbwi anasema, "Iache nchi kavu, kazi hii haitaki mambo mawili." Nani asikilizwe?

Tuanze na faida, maana zipo, na anayesema simu ni anasa tu kwa mvuvi hajawahi kukaa na samaki wanaoharibika.

Nitawapeleka mbali kidogo, lakini kwa wavuvi kama nyinyi. Kusini-magharibi mwa India kuna jimbo la Kerala, ambako watu wengi huvua dagaa wa baharini na kuwauza asubuhi hiyo hiyo ufukweni. Mchumi mmoja, Robert Jensen, aliwafuatilia wakati minara ya simu ilipokuwa ikijengwa huko, kuanzia 1997 hadi 2001. Siku moja, tarehe 14 Januari 1997, wavuvi 11 walifika mahali paitwapo Badagara wakakuta hakuna mnunuzi hata mmoja. Samaki wote wakamwagwa baharini. Kumbe katika masoko mengine, umbali usiozidi kilomita 15, walikuwapo wanunuzi 27 walio tayari kurudi nyumbani mikono mitupu! Minara ilipowashwa, mvuvi akawa anapiga simu kabla hajaelekea nchi kavu, anauliza bei, ndipo anageuza chombo. Zamani asilimia 5 hadi 8 ya samaki walikuwa wakitupwa, na utupaji huo ukaisha. Faida ya wavuvi ilipanda kwa asilimia 8, na hata bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Jensen aliyachapisha hayo mwaka 2007.

Je, na sisi tutapata hayo hayo? Mimi nasema, inategemea. Kama tajiri wako ndiye aliyekukopesha nyavu na mafuta, samaki ni wake kabla hujawavua. Simu itakuambia kuwa mwalo wa pili bei ni nzuri, nawe utabaki kuisikia tu. Simu inaleta habari, haifuti deni.

Faida nyingine, na kwangu hii ndiyo kubwa, ni hali ya hewa. Mnajua kwa nini ziwa letu hukasirika usiku? Mchana nchi kavu hupata joto haraka, upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu hujikusanya huko. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa, maji yanabaki na uvuguvugu wake, na upepo unatoka pande zote kuingia ziwani. Ukikutana katikati, ile hewa yenye unyevu inapanda juu na kuzaa mvua ya radi. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwani huja kati ya usiku wa manane na alfajiri, saa zile zile ambazo wewe uko juu ya maji, hasa siku za giza dagaa wanapofuata taa. Sasa utabiri unatolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, redioni na kwenye simu. Lakini angalia: utabiri unausoma saa ngapi? Kabla ya kusukuma mtumbwi! Ukiusoma ukiwa kilindini, umeshachelewa.

Haya, twende upande wa pili.

Kwanza kuna mambo madogo madogo. Unashika simu mkono mmoja, kamba ya wavu inakwenda majini na mguu wako umekaa ndani ya mzingo wake. Unajibu ujumbe wa mpenzi wako wakati mwenzako anakuita ushike kasia. Au simu inachomoka, tubwi, nawe unaruka kuifuata. Jamani! Pesa haimo ndani ya kile chuma. Laini inarudishwa dukani, na salio lako la simu unalikuta pale pale. Wewe hurudishwi na duka lolote.

Kuna na tajiri anayepiga kila baada ya nusu saa: "Mmepata ndoo ngapi? Msirudi bado." Yeye yuko kitandani, nyinyi mnaona mawingu. Kijana, aliyeko majini ndiye anayeona. Kubalianeni naye mapema, kabla ya safari, kwamba uamuzi wa kurudi ni wa nahodha.

Na radi? Wengi wanasema simu inavuta radi. Haivuti. Kinachokuweka hatarini ni wewe kuwa kitu kirefu kuliko vyote juu ya maji matupu. Ukishindwa kukimbia dhoruba, lala chini chomboni na usishike vyuma, iwe una simu au huna.

Lakini hatari kubwa ya simu haimo katika simu yenyewe. Imo katika ujasiri unaokupa. Zamani mtu akiona wingu upande wa mashariki alikuwa anageuza. Leo anasema, "Twende tu, likitokea la kutokea tutapiga simu." Hebu tufanye hesabu pamoja. Mtumbwi umepinduka. Tuseme simu haikulowa, mtandao upo, na chaji ipo. Umempata ndugu yako. Yeye sasa amwamshe mwenye injini, watafute petroli saa tisa usiku, wakubaliane nani aende. Kama mlipo ni mwendo wa saa moja na nusu, hata wakiondoka sekunde ile ile, wewe unatakiwa uelee saa moja na nusu, gizani, mawimbi yakikupiga usoni. Utaelea kwa nini? Kwa kitochi?

Ningeuliza hapa wangapi mna simu, mikono yote ingepanda. Wangapi mna jaketi la kujiokolea? Naona mnatazamana. Simu inaita watu, jaketi linakuweka hai mpaka watu wafike. Ukiwa na cha kwanza bila cha pili, umeita watu waje kuchukua maiti. Nisamehe kwa kusema hivyo, lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 duniani walikufa maji, na karibu nusu ya wanaokufa hivyo hawajafika miaka 29. Ni rika lenu. Hata kama unajua kuogelea, baada ya saa kadhaa majini mwili unapoa, mikono inalegea, na uogeleaji wako unabaki jina.

Kwa hiyo simu uiache nyumbani? La. Ichukue, ila ichukue kwa akili.

Chukua ya bei ndogo, ile ya tochi inayokaa na chaji siku kadhaa. Ichaji ijae, kisha izime. Simu iliyo mbali na mnara inahangaika kutafuta mtandao na kumaliza betri bila wewe kuigusa, halafu siku ya shida unakuta kioo cheusi. Itie ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha, uifunge kwa kamba mwilini mwako, siyo kwenye mtumbwi, maana mtumbwi ndio unaopinduka. Wapo wanaoifunga ndani ya kondomu. Sicheki, maji kweli hayapiti. Ila kondomu iliyolala na simu usiku kucha isirudi kufanya kazi yake nyingine, tafuta mpya!

Mtandao ukiwa dhaifu, andika ujumbe mfupi. Mara nyingi ujumbe hupita pale ambapo maongezi yanakatika. Mwenye simu janja ajifunze kuonyesha namba za mahali alipo. Zinasomeka hata bila mtandao, kwa sababu zinatoka kwenye setilaiti, na anayekutafuta gizani atazihitaji kuliko maelezo ya "tuko karibu na kile kisiwa". Namba ya dharura Tanzania ni 112. Inaweza kupita kwenye mnara wa kampuni yoyote, si lazima uwe wa laini yako, lakini pasipo na mnara kabisa haipiti.

Na kabla ya kuondoka, tafuta mtu mmoja nchi kavu, mke, kaka, au mtu wa BMU pale mwaloni. Asiwe mlevi. Mwambie mko wangapi, mnaelekea wapi, chombo kina rangi gani, na mtarudi saa ngapi. Aiandike hiyo saa. Ikipita na hamjaonekana, aanze yeye kutafuta chombo na kuwaamsha watu, bila kusubiri simu yako.