Hesabu ya gunia la kasiteriti

Maneno yaliyosemwa Kashuga mbele ya wachimbaji na watu wa mji

Ndugu wachimbaji, na ninyi baba na mama wa mji,

Habari hii mwaijua. Kijana afika kwa mnunuzi na gunia la kilo 50. Mnunuzi atia mkono, asugua mchanga kwa kidole, kisha asema: "Hii ni 55 kwa mia." Kijana hana la kujibu. Sisi makarani tunaoziandika namba hizo twajua maana yake. Ikiwa mchanga ule ulikuwa 63 kwa mia, gunia lina kilo 31 na nusu za bati, naye amelipwa kilo 27 na nusu. Kilo 4 hazikuanguka njiani. Zimekatwa na kidole.

Basi tumekuja kuonyesha namna ya kumjibu. Yatosha mizani ya kuning'iniza inayosoma gramu, ndoo ya maji na mkebe.

Kasiteriti safi, katika kila gramu 100, ina karibu gramu 79 za bati. Tena ni nzito: yapita maji ya ukubwa ule ule mara 7 hivi. Kwarzi, lile jiwe jeupe, layapita mara 2.65 tu. Ndiyo sababu mkiosha mchanga mtoni kwarzi hukimbia na maji, kasiteriti hubaki. Kiwanda cha Bisie, huko Walikale, kilichoanza kutoa madini mwaka 2019, chafuata tabia hiyo hiyo: mawe husagwa, hutikiswa ndani ya maji, mazito yakajitenga na mapesi. Mwoshaji wa mtoni na injinia wa Bisie kazi yao ni moja, ila injinia hupima kila hatua.

Sasa, kitu kikizama majini hupungua uzito, na kinachopungua ni sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa. Archimedes, Mgiriki wa Siracusa, alilieleza jambo hili miaka zaidi ya 2,200 iliyopita. Shuleni misioni tulilikariri kama katekisimu, wala hakuna aliyetuambia kwamba lafaa kwa gunia!

Pimeni gramu 1,000 za mchanga uliokauka kabisa, uliochotwa juu, katikati na chini ya gunia. Utieni katika mkebe, zamisheni, korogeni mpaka mapovu yaishe, kisha pimeni ukiwa ndani ya maji. Toeni uzito wa mkebe mtupu, nao upimwe majini vilevile. Tuseme zimebaki gramu 810. Basi zimepungua 190.

Kama yote ingekuwa kasiteriti, zingepungua 143, maana 1,000 kugawanya kwa 7 ni 143. Kama yote ingekuwa kwarzi, zingepungua 377. Toka 377 mpaka 190 ni 187. Toka 377 mpaka 143 ni 234. Gawanyeni 187 kwa 234: karibu sehemu 80 katika 100 ni kasiteriti. Na 79 kwa mia ya 80 hiyo ni 63. Hilo ndilo bati lenu.

Lakini msidanganyike. Mizani ikikosea gramu 5, jibu lakosea karibu 2 kwa mia. Kwa hiyo mizani ya nyama ya sokoni haifai. Mawe ya chuma nayo ni mazito, yataifanya namba ipande bure. Pitisheni sumaku kwanza, ingawa sumaku haishiki chuma cha kila namna. Na wenye vijana Rubaya wasiipeleke hesabu hii kwenye koltani: uzito wake hubadilika jiwe kwa jiwe. Neno la mwisho ni la maabara. Walakini mnunuzi akisema 55 nawe una 63 iliyoandikwa, waweza kudai mchanga upelekwe maabara kabla ya kulipwa, na sehemu ya mchanga ule ule ifungwe mbele yenu wawili, ibaki mkononi mwako.

Ndoo na mizani viko hapa mezani. Mwenye kilo moja iliyokauka na ailete, tuanze.