Seng'enge Kuukuu: Ipi Ikazwe, Ipi Ing'olewe

Hotuba ya Afisa wa Mawasiliano ya Kaunti katika baraza la wafugaji na wakulima, Laikipia

 

Mimi si daktari wa mifugo wala fundi wa ua. Kazi yangu ni habari. Lakini mtu akija kulalamika kwamba ng'ombe wa jirani wamemaliza mahindi, au fahali amesimama katikati ya barabara ya Nyahururu kwenda Rumuruti saa mbili usiku, ukimwuliza maswali mawili matatu mara nyingi unafika kwenye ua. Nguzo imeoza, waya umelegea, na kila mtu anangoja mwenzake auguse kwanza.

Seng'enge nyingine hapa Laikipia ni za zamani sana, zimebaki tangu enzi za mashamba ya walowezi. Mashamba yaligawanywa, mipaka ikabadilika, waya ukaachwa. Leo uko chini ya vichaka vya leleshwa, hauzuii kitu, na hakuna anayesema ni wake. Huo ndio unaonitia wasiwasi kuliko ule uliosimama, kwa sababu ua uliosimama mnyama anauona.

Nianze na madhara. Mbuzi au ng'ombe akijichana kiwele kwa seng'enge, jeraha likiingia uchafu unaweza kupoteza chuchu hiyo kabisa. Punda, mbuzi na kondoo hushikwa na pepopunda kwa urahisi kuliko ng'ombe, na kidonda kidogo cha mwiba kinatosha. Ukiona jeraha la kina, usipake majivu ukangoja. Mwite afisa wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalihusishi na ua. Ng'ombe hachagui chakula kwa ulimi kama mbuzi, humeza kwanza. Kipande cha waya au msumari kikiwa kwenye nyasi, kinaingia na kutulia kwenye tumbo la pili. Hapo kinaweza kutoboa na kuelekea moyoni, maana moyo uko karibu. Ng'ombe wa namna hiyo huacha kula ghafla, maziwa yanapungua, anasimama akiwa amekunja mgongo, na hataki kuteremka mlima. Wengine husema amelogwa. Kumbe ni vipande vilivyokatwa wakati wa kurekebisha ua, vikaachwa chini. Kwa hiyo beba mkebe unapofanya kazi hii. Kila kipande kiingie mkebeni.

Sasa, utajuaje waya wa kurekebisha na wa kutupa? Tembea ua wote kwa miguu, usiangalie ukiwa juu ya pikipiki. Waya mzuri una rangi ya kijivu, hiyo ni zinki inayozuia kutu. Ukiwa wa kahawia juu juu tu, bado una kazi. Ukiukunja na kuunyoosha ukakatika, au maganda ya kutu yakadondoka mkononi, usijaribu kuukaza. Waya uliokula kutu ukivutwa hukatika na kurudi kwa nguvu, na unarudi usawa wa uso. Vaa glavu za ngozi na viatu vilivyofunika mguu, na ukipata miwani ya fundi, vaa. Na tafadhali, hii ya kufunga waya kwenye pikipiki au trekta ili uvutike, tuiache. Kikaza waya cha mkono kinatosha, na majirani watatu wanaweza kununua kimoja wakakitumia kwa zamu.

Waya mzima uliokatika mahali pamoja hauhitaji roli mpya. Kunja kila ncha iwe kitanzi, vitanzi vishikane, kisha zungusha kila mkia kwenye waya wake mara nne au tano kwa koleo. Fundo la kuzungusha ncha mbili pamoja tu, kama la kufunga gunia, litateleza ng'ombe akiegemea.

Lakini nikisema ukweli, mara nyingi kosa si la waya, ni la nguzo ya kona. Hiyo ndiyo inabeba mvuto wote. Ichimbie karibu sentimita 90, uipe mhimili wa kuiegemea kwa ndani, na ushindilie udongo kidogo kidogo. Nguzo za katikati sentimita 60 zinatosha. Funga waya upande waliko mifugo, ili wakisukuma wausukume kwenye nguzo, wasing'oe misumari. Na ile misumari ya U usiipigilie mpaka mwisho. Waya uweze kuteleza kidogo, la sivyo utakatika hapo hapo.

Kwa gharama, tupige hesabu ya ekari moja ya mraba. Kila upande ni kama mita 64, kwa hiyo kuzunguka ni karibu mita 255. Nyuzi nne ni zaidi kidogo ya mita 1,000 za waya, na nguzo kila mita tatu ni kama 85. Ukienda dukani, kumbuka geji 16 ni nyembamba kuliko geji 12.5, namba ikipanda waya unapungua. Roli ya bei rahisi mara nyingi ni waya mwembamba wenye zinki kidogo. Uliza geji, angalia alama ya ubora ya KEBS, na uliza roli ina mita ngapi. Usikubali kuambiwa kilo tu.

Asiyeweza gharama hiyo anaweza kupanda kayaba, ijapokuwa itachukua miaka kabla ya kuzuia mbuzi. Msipande dungusi. Sote tumeona ilivyomeza malisho huku kwetu, na miiba yake midogo inavyoharibu midomo na matumbo ya mbuzi. Vilevile msiunganishe stima kwenye seng'enge. Mnyama akinaswa na miiba hawezi kujitoa, anapigwa na umeme tena na tena. Ua wa stima hutumia waya laini.

Waya ulioondolewa uukunje roli siku hiyo hiyo. Usiuzike, na usichome nguzo zikiwa bado na waya. Ukiacha unazagaa porini, mtu atautengenezea mtego, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haichezi na mitego. Mtego hauchagui swara, punda milia au ndama wako. Ukiuza chuma chakavu, mwuzie mfanyabiashara mwenye leseni, kama Sheria ya Chuma Chakavu ya 2015 inavyotaka.

La mwisho ni gumu. Unapobadilisha ua wa mpakani, usisogeze nguzo hata hatua moja bila jirani yako kuwepo, na bikoni isiguswe. Ua wa zamani hauwi mpaka halali kwa sababu tu umekaa miaka 40. Mkikosana, kwa ardhi iliyosajiliwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inasema mpaka kwanza uamuliwe na Msajili wa Ardhi. Mahakama haitasikiliza kesi ya mpaka kabla ya hapo. Kwa hiyo mwenye wakili tayari, apunguze mwendo. Aanze kwa chifu na wazee, kisha ofisi ya ardhi.

Maafisa wa mifugo wa wadi wako hapa mbele na watabaki mpaka saa nane. Mzee wa kofia pale nyuma, nimeona mkono wako tangu mapema. Anza wewe.