Daftari la Baba: Gharama za Kumtunza Mzee Anayesahau



Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Waganga huuita demensia. Sisi ni watoto wanne wa baba mmoja, wa hapa hapa Kilolo. Baba yetu anaumwa ugonjwa huu, mwaka wa nne sasa.

Baba alikuwa mgema wa ulanzi. Mnajua ulanzi hugemwa asubuhi na jioni. Basi, usiku wa manane baba huamka, huchukua kisu, husema anakwenda kugema. Nje kuna ukungu, na baridi yetu mnaijua. Mara mbili tumemtafuta kwa tochi mpaka alfajiri. Watu walisema karogwa. Hakurogwa. Ni ugonjwa wa ubongo, wala hauko kwetu tu. Mwaka 2010 wataalamu waliwapima wazee 1,198 wa vijijini wilayani Hai, Kilimanjaro, wenye miaka 70 na zaidi. Katika kila wazee 100, kama 6 hivi walikuwa nao.

Dawa ya kuuponya haijapatikana. Kazi iliyobaki ni kutunza. Je, mzee atunzwe wapi, na nani, na kwa gharama gani?

Mwanzoni tulisema, "Yupo nyumbani, hakuna gharama." Aliyemtunza ni mke wa mdogo wetu. Mumewe hushinda kwenye kazi ya mbao. Mama huyu alimlisha mzee, alimfulia, alimlinda usiku. Hata kumwogesha alimwogesha, jambo ambalo mkwe hapaswi kulifanya, wote mnajua. Hatukumlipa hata senti. Tukaona ni bure.

Mwaka ule palizi ikampita. Shamba la ekari 2 lililokuwa likitoa magunia 20 ya mahindi likatoa 9. Tukihesabu shilingi 50,000 kwa gunia, magunia 11 yaliyopotea ni shilingi 550,000. Hiyo ndiyo "bure" yetu! Na usingizi hatujauhesabu. Mama yule alikonda. Siku moja alimfokea mzee mbele ya watu, halafu akaingia jikoni akalia. Akatuambia, "Shemeji zangu, wifi yangu, baba nampenda. Lakini nimechoka. Nirudisheni kwetu nikapumzike."

Tuliona haya. Kumbe ndivyo ilivyo duniani kote. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa katika kila saa 100 ambazo jamaa hutumia kuwatunza wagonjwa hawa, saa 70 ni za wanawake.

Tukaitisha kikao cha ukoo, daftari mkononi.

Ndugu yetu wa Dar es Salaam alitaka kumchukua mzee. Chakula na nauli angeweza. Lakini yeye na mkewe hushinda kazini, mzee angefungiwa ndani. Na mtu anayepotea kati ya nyumba yake na mianzi yake mwenyewe, mjini je? Tena siku hizi Kiswahili kimemtoka, anasema Kihehe kitupu. Wazo hilo tuliliacha upesi.

Mwingine akataja makao ya wazee ya Serikali, kama yale ya Fungafunga, Morogoro. Makao hayo ni ya wazee wasiojiweza ambao hawana ndugu wa kuwatunza. Baba ana watoto wanne, na wote walikuwa wamekaa pale barazani!

Msichana wa kazi je? Kwa shilingi 60,000 kwa mwezi, mwaka mzima ni 720,000, bado chakula chake. Hatuna.

Ndipo mke wa mdogo wetu mwenyewe akasema, "Msiniletee mtu wa kumtunza baba. Nileteeni mtu wa kupalilia." Tukapiga hesabu. Vibarua wa palizi, shilingi 40,000 kwa ekari, mara mbili kwa msimu, ekari 2: jumla 160,000. Ndugu wa Dar es Salaam akakubali kulipa. Mdogo wetu sasa humwogesha baba kabla ya kwenda kwenye mbao. Dada yetu aliyeolewa Ilula huja siku 7 kila mwezi, ili mwenzake alale. Mlangoni tumetundika njuga. Baba akitoka tunasikia.

Jambo moja tulichelewa: kumpeleka mzee hospitali mapema. Kuna kusahau kunakoletwa na maradhi mengine, na huko hutibika. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bure. Ulizeni zahanati.

Mwezi uliopita dada hakuja, mtoto wake aliumwa. Mama yule akakesha peke yake tena. Tumeandika daftarini: siku 7, tunadaiwa.