Vidonge vitatu vya mzee wa Ifakara

Dawa za kushusha lehemu, ambayo wengi tunaiita kolestro, zina undugu na mchele. Mwaka 1973 Mjapani Akira Endo aliipata ya kwanza kwenye ukungu uliotoka katika mchele wa duka moja la nafaka mjini Kyoto. Leo jamaa zake, simvastatini na atorvastatini, zinamezwa hadi kwenye mashamba ya mpunga ya Kilombero.

Huko Ifakara mzee mmoja alinionyesha bahasha yake ya kaki. Ndani mlikuwa na kidonge cha presha, kile cha kukojosha, na kidonge cha kolestro cha usiku. Kulikuwa pia na diklofenaki aliyojinunulia dukani.

"Mwanangu, misuli inauma kama nimepigwa," alisema. "Ni kazi ya kuvuna tu."

Huenda ni kazi. Hivyo viwili vya hospitali madaktari huvitoa pamoja kila siku, wala havigombani sana. Ila dawa ya kukojosha, kama haidroklorothiazidi, hutoa maji pamoja na potasiamu, na potasiamu ikishuka misuli hulegea na kukakamaa. Dawa ya kolestro nayo huwaumiza misuli watu wachache. Kwa nadra sana misuli humeguka, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, na figo zikashindwa kazi. Mwaka 2001 mojawapo ya dawa hizo, serivastatini, iliondolewa sokoni kwa sababu ya vifo vya namna hiyo.

Sasa ongeza jua la bondeni na jasho la kutwa. Kidonge kilichonitia hofu ni cha tatu, ambacho hakimo kwenye kadi yake. Diklofenaki hupunguza damu iendayo kwenye figo na kudhoofisha dawa ya presha. Muuzaji hakumwuliza anatumia dawa gani, na kwa maoni yangu hilo ndilo lingekuwa swali la kwanza, kabla ya bei. Hata erithromaisini ya kikohozi haipatani na simvastatini.

Nilimsihi asiache dawa ya presha kwa uamuzi wake, bali aipeleke bahasha yote kwa daktari.

"Nitakwenda nikimaliza kuvuna. Ndege hawamngoji daktari."

Nikamwuliza mkojo wake una rangi gani. Alinyamaza kidogo, kisha akamwita mjukuu amletee kadi ya hospitali.